Nilipopima Dau Langu kwa Jina la Mungu

Jina la Bwana litukuzwe, wapendwa! Nawasalimu ninyi mlio mbele, na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na jenereta, kama mnanisikia. Mchungaji amenipa dakika chache, na kwa kuwa ananijua, ameamua kukaa hapa hapa karibu na maikrofoni.

Mimi ni Keji. Wengi mnanijua kwa kupanga viti. Nilizaliwa huku Juba, lakini wakati wa vita wazazi walinipeleka Kenya, nikakulia Kitale, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha huko, na Kiarabu changu cha Juba bado kinachekwa sokoni. Kazi yangu ni takwimu. Shirika likigawa mbegu, mimi naenda kuuliza: je, zimeota? Likichimba kisima, nauliza: je, watu wanachota, au wanakipita wakienda mtoni? Mimi sikubali kwamba kitu kinafaulu mpaka nipime. Ndivyo nilivyo hata nyumbani.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye meza ya karata. Najua mnachongojea. Mnangoja niseme nilimaliza mshahara, nikauza friji, nikalala njaa. Hapana! Sikupoteza hata pauni moja. Mimi nilikuwa nashinda, na shida yangu yote ilianzia hapo.

Tulikuwa tunacheza poka Jumamosi mchana, tukishamaliza kufua, kwenye veranda ya Mutiso pale Atlabara. Mutiso ni Mkenya, anafanya kazi benki, mtu mpole ambaye hata akicheka humsikii. Ndiye aliyetufundisha. Badala ya pesa tulitumia maharage ya ful, yale makubwa makavu, na aliyeishiwa maharage ndiye aliyeingia jikoni kutupikia wote asida, yaani ugali wa huku. Mimi jikoni sipendi, siwafichi. Mwingine alikuwa Wani, dereva wa lori la maji, jirani wa shangazi yangu huko Gurei. Wani alikulia Uganda, ana mikono mikubwa na moyo mweupe, na kila mtu Gurei anamjua. Wengine walikuja na kuondoka, lakini sisi watatu tulikuwa wa kudumu.

Kwa wasioujua mchezo huu, na Mungu awabariki kwa kutoujua, uko hivi. Kila mmoja anapewa karata mbili, anazificha. Mmoja anatia dau kubwa, kama kusema: mimi niko vizuri. Halafu karata tatu zinafunuliwa mezani, za watu wote. Sasa, mara nyingi hizo tatu hazikusaidii kitu. Lakini kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kutamba, unaendelea kutamba. Unatia dau tena, kana kwamba zimekuja kwa ajili yako. Mwenzako akiogopa anakunja, yaani anatupa karata zake, nawe unazoa maharage yote bila kuonyesha ulichoshika. Mutiso aliliita dau la kuendeleza.

Nikamwuliza, "Na linafaulu?"

Akasema, "Linafaulu."

"Umepima?"

Mutiso akaendelea kugawa karata. Jamani, miaka yote hiyo na hakuna mtu aliyepima!

Basi nikaanza. Kila nikitia dau la kuendeleza, naandika kwenye simu: wamebaki wapinzani wangapi, karata gani ziko mezani, mimi nilikuwa na kitu au sina, na je, wamekunja. Ndugu zangu, kama ningesoma Neno kwa bidii ile, leo ningekuwa askofu. Na kweli nilijifunza mambo. Akibaki mpinzani mmoja, dau linafaulu vizuri. Wakibaki wawili au zaidi, linalegea, maana hakosekani mmoja aliyepata kitu. Ikifunuliwa karata kubwa, esi au mfalme, watu wanaamini haraka kwamba wewe uliyetamba ndiye uliye na mwenzake. Zikija karata ndogo zinazofuatana, hakuna anayetishika. Na nikagundua kwamba si lazima lifaulu kila mara. Ukitia nusu ya maharage yaliyoko mezani, likifaulu mara moja kati ya tatu, umesharudisha yako. Hesabu ni nzuri, sikatai. Hata leo nikiieleza nasikia raha kidogo, Bwana anisamehe.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Nilikuwa naandika madau ya Mutiso pia, na karata zikiwa zinafanana kabisa, langu lilikuwa linaaminiwa kuliko lake. Kwa nini? Mutiso hutia dau kimya, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Mimi, kama mnavyojua, kimya sina. Mimi nasema, "Wani, ndugu yangu, kunja tu, nakuonea huruma." Yeye anacheka, anakunja.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Nilikuwa sina kitu. Wani alikuwa amebaki peke yake, kidole kiko juu ya maharage, anasitasita. Nikamwambia, "Wani, haki ya Mungu, zimenijia. Usijiumize." Akakunja palepale. Na akaniambia asante! Aliniambia asante kwa kumwokoa, ndugu zangu, na mimi sijashika chochote.

Mnadhani niliona haya? Niliichukua simu yangu, nikaongeza safu mpya kwenye jedwali: nimeapa, sijaapa.

Naam, guneni. Mimi mwenyewe nimeguna sana.

Kwa mtu wa takwimu lile lilikuwa swali kama mengine. Ili nipime vizuri ilibidi mara nyingine niape, mara nyingine nisiape, karata zikiwa za aina moja. Nikafanya hivyo, kwa uangalifu uleule ninaopimia mbegu. Na majibu yakaja: kiapo kilishinda esi. Kilishinda mfalme. Hata zile karata ndogo zisizotisha mtu, nikitaja jina la Mungu, watu walikunja. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa. Nikamwonyesha Mutiso. Akasoma, akanirudishia simu, akasema, "Keji, maneno mengine yaache kanisani." Nikamcheka. Nikamwambia mchezo ni mchezo.

Ikafika siku Wani hakukunja. Nilikuwa nimeapa, tena kwa sauti. Akasukuma maharage yake katikati, karata zikafunuliwa, na mimi sina kitu. Alinitazama kidogo, akaokota maharage yake taratibu, moja moja. Mimi nikaandika: limeshindwa. Nikaendelea na mchezo.

Sasa wapendwa, nisikilizeni hapa.

Shangazi yangu, dada wa baba, anaitwa Mama Poni. Ni mjane. Aliporudi kutoka kambini Uganda alinunua kiwanja kidogo Gurei, akajenga chumba chake na jiko. Siku ya kupima mpaka, mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba. Aliyemwuzia ameshafariki. Mtu aliyeshika ncha ya pili alivuka mpaka wa nchi zamani, hatujui aliko. Karatasi aliyo nayo inasema amenunua, haisemi pembe ziko wapi. Asubuhi moja shangazi akanipigia simu, sauti imekauka. Jamaa mmoja amenunua kiwanja cha pembeni, ameanza kuchimba msingi wa ukuta, na msingi unapita katikati ya jiko lake, unaelekea chumbani. Anasema huo ndio mpaka. Ukisimama ukuta ule, shangazi hana nyumba.

Akaniambia, "Mwanangu, aliyebaki anayejua ni wewe."

Nikaenda nikiwa na uhakika wote. Nilivaa vizuri, nikapanga maneno. Sultani, ndivyo tunavyomwita chifu huku, alikaa na wazee wake kwenye kibanda cha mabati karibu na kisima. Majirani walikuwa kwenye mabenchi, na Wani akiwa mmojawapo. Nikasimama nikasema, mimi nilishika kamba, pembe ya shangazi iko kule ng'ambo ya huo msingi. Halafu, bila hata kuulizwa, nikainua mkono, nikasema kwa sauti, "Haki ya Mungu!"

Wani akainamisha kichwa. Sultani akamwona. Akamwuliza, "Wewe ni jirani, na naona huyu unamjua. Neno lake tulichukue?"

Watu wakageuka kumtazama Wani. Akasema, "Sultani, mimi iko najua huyu dada. Hiyo haki ya Mungu, yeye nasema hata kama hakuna kitu. Mimi nimesikia kwa karata."

Watu wakacheka. Yule jamaa wa ukuta alicheka kuliko wote. Shangazi hakucheka. Alinigeukia, anauliza kwa macho, karata gani? Sultani akasema basi, turudi Alhamisi na shahidi mwingine. Asipopatikana, ukuta uendelee. Na shahidi mwingine hakuwepo duniani.

Nilimkasirikia Wani, aki! Nilimwita msaliti. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mutiso nikitaka anitetee. Nikamwambia, si kila mtu anatishia mezani? Si ndio mchezo wenyewe? Hata wewe hutishia!

Mutiso akasema, "Mimi hutishia kwa maharage. Wewe ulitia kitu kingine mezani, na hakikuwa chako."

Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda pale ninapofulia, jua bado liko juu, nikafungua lile jedwali. Sikujua natafuta nini. Nikafanya kitu ambacho kazini nawafundisha vijana kila siku na mwenyewe sikukifanya: nikaacha kuchanganya watu wote pamoja. Nikatenga mtu na mtu, tena kwa jinsi siku zilivyofuatana.

Mutiso, kiapo changu hakikuwahi kumgusa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Faida yote ilikuwa imetoka kwa Wani. Mwanzoni nikiapa anakunja kila mara. Baadaye mara chache. Baadaye hakunji kabisa. Na mwishoni, ndugu zangu, hapa ndipo nilipolia, mwishoni hata nilipokuwa nazo kweli, nikaapa kweli, alitia maharage yake yote akapoteza, kwa sababu hakuweza tena kuniamini. Wastani wangu ulikuwa bado mzuri. Lakini yule mtu aliyekuwa ananiamini alikuwa ameshakwisha, na mimi niliyeandika kila kitu sikumwona akiisha.

Niliona aibu. Siyo ile ya kuchekwa mbele ya sultani, hiyo inapita. Niliona aibu mbele za Mungu. Nikasema, Bwana, jina lako nimelifanya safu kwenye jedwali. Nililiweka kwenye majaribio kama mbegu. Nisamehe, na umsaidie shangazi hata kama mimi sifai kusaidiwa.

Sikusikia sauti wala kuona nuru. Nililia, kisha nikatulia. Nikajua tu kwamba lazima niende kwa Wani, na nisiende kumwomba anitetee. Niende kumwambia yote.

Kesho yake nikamkuta mtoni, pale malori yanapojaza maji. Alikuwa kwenye foleni, injini imezimwa, mguu uko nje ya mlango. Nikamwambia, "Wani, nimekuja kukuambia mara nilizokuapia uongo. Zile unazozijua na zile usizozijua."

Hakunitazama. "Sema."

Nikaanza kumwambia, siku baada ya siku. Nilipofika mahali akanikatiza. "Ile siku ya mvua kubwa?"

"Uongo."

"Hiyo siku mimi nilipika asida kwa watu wote."

"Najua, Wani. Niliila."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Lori la mbele liliposogea, akaniuliza, "Na ya kiwanja?"

"Ya kiwanja ni kweli."

Akawasha injini. "Mimi hapana jua tena, Keji," akasema, akasogea mbele. Sikumwomba kitu. Nilirudi kwa bodaboda, na nawaambia ukweli, moyo ulikuwa mwepesi, ingawa shangazi alikuwa bado hana nyumba.

Alhamisi ikafika. Nikasimama kabla ya kuitwa. Nikasema, Sultani, alichosema Wani ni kweli. Nilimwapia uongo kwa jina la Mungu, si mara moja, ili nishinde maharage na nisipike. Yule jamaa akapiga makofi. Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Wazee wakanong'onezana, na mimi nikajua nimeshakimaliza kiwanja cha shangazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sultani akamgeukia Wani. "Unasemaje?"

Wani akasimama, kofia iko mkononi. "Sultani, huyu dada alikuja kwangu mtoni. Aliniambia uongo yake yote, hata ile mimi nilikuwa hapana jua. Hakuna mtu alimshika. Hakuniomba kitu. Mtu kama anakuletea uongo yake hivyo, siku hiyo anasema kweli. Leo mimi nachukua neno yake."

Ndugu zangu, yule niliyemwibia imani ndiye aliyenikopesha yake, mbele ya watu wote!

Nikaanza kuinua mkono niape. Mazoea mabaya hayafi upesi. Sultani akasema, "Teremsha mkono. Wewe usiape. Sema tu."

Nikasema tu. Tukatembea naye mpaka kiwanjani. Akaniuliza mengi: nilisimama upande gani, kamba ilipita wapi, nani alikuwa karibu. Niliyoyakumbuka nikayajibu. Nisiyoyakumbuka nikasema sikumbuki, na yalikuwa si machache. Kila niliposema sikumbuki, yule jamaa alifurahi, lakini sultani aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeridhika. Nadhani kukiri huko kwamba sikumbuki ndiko kulikomtosha. Alisimama pale nilipoonyesha, akawaita wazee, wakashauriana. Kisha akamwambia yule jamaa, kalas, imekwisha, fukia msingi wako na uhamie upande wako. Haleluya!

Wengine mmeniuliza kama bado nacheza. Sichezi. Kama karata ni dhambi au si dhambi, hilo mwulizeni mchungaji, yupo hapa, msinionee mimi. Najua tu mdomo wangu haufai meza ile. Na Jumamosi sasa ninakwenda kwa Wani na mkewe, na napika mimi. Wanasema asida yangu ina madonge. Wanaila hivyohivyo.

Namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru Wani, ambaye hajui hata kwamba leo namtaja. Namshukuru Mutiso kwa maneno yake machache. Na ningependa kumaliza na jambo ambalo shangazi aliniambia.

Siku ile tulirudi pamoja mpaka mlangoni kwake. Hakuwa amenisemesha njia nzima. Alifungua kufuli, akaingia, akakaa kitandani, akapapasa godoro kwa mkono wake. Nikangoja anigombeze. Akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, kama ungechelewa kutubu mpaka wiki ijayo, mimi ningelala wapi?"

Swali hilo ndilo lililonileta hapa mbele.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, uliyeketi hapa na neno lako limechakaa, na umezoea kusema utalitengeneza polepole, nakuomba usingoje. Mungu anapokea, nimemwona akipokea. Mwamini, na leo hii mwendee yule mmoja uliyemdanganya. Yuko mtu mahali fulani ambaye kulala kwake kunategemea kuaminiwa kwako, na wewe humjui bado. Bwana awabariki.